Udongo Haukuacha Magofu

Anayetaka kusimulia historia ya Pemba huanza na mawe. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa miaka mingi niliposhika chaki: Ras Mkumbuu na msikiti wake na makaburi yake yenye nguzo, Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, Pujini na ngome ya Mkama Ndume, Chwaka na msikiti ambao watu wanauita wa Haruni. Mwanafunzi aliyeyajua hayo manne alihesabiwa kuwa anaijua Pemba ya kale. Ukimwuliza wakati huo watu wa kawaida walikuwa wakilala wapi, angekutazama tu, kwani swali hilo halikuwamo katika mtihani.

Sababu si ngumu kuiona. Jiwe hubaki mahali lilipowekwa, na udongo hurudi ulikotoka. Major F. B. Pearce, aliyekuwa mkubwa wa Waingereza Zanzibar na ambaye kitabu chake juu ya visiwa hivi kilitoka mwaka 1920, aliyaeleza magofu ya Pemba kwa bidii kubwa, ukuta kwa ukuta. James Kirkman alipochimba Ras Mkumbuu katika miaka ya 1950 naye alizifuata kuta. Siwalaumu. Mtu hawezi kupima asichokiona, na kuta ndizo zilizokuwa zikionekana baada ya kufyeka vichaka. Lakini kutokana na hayo ilizuka fikra, ambayo wengine mpaka leo wanayo, kwamba jiwe lilikuja na wageni na udongo ulikuwa wa wenyeji, na kwamba ustaarabu wa kisiwa hiki ulianzia pale kuta zinapoanzia. Fikra hiyo imeingia mpaka katika lugha ya mtaani. Mtu akisema fulani "ana nyumba ya mawe", hata kama ni ya matofali ya saruji, anakuambia jambo juu ya heshima ya fulani huyo, siyo juu ya kuta zake.

Nataka kueleza hapa namna vyombo vipya vya kupigia picha na vya kufuatilia mwendo wa vitu vilivyoibadilisha habari hiyo, na kwa nini nadhani mabadiliko hayo yanamhusu mtu anayejenga leo Konde au Kengeja, si wataalamu wa mambo ya kale peke yao.

Nianze na Tumbe. Iko kaskazini-mashariki, jirani na Chwaka, na mgeni akipita leo haoni gofu lolote la zama zile. Ataona mashamba, minazi, na madau ya wavuvi ufukweni. Hapo ndipo wanaakiolojia wawili wa Kimarekani, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walipokuja kuonesha kwamba palikuwa na makazi makubwa ya biashara tangu karne ya 7 hadi ya 10, yaani miaka mingi kabla ya kuta za Ras Mkumbuu tunazoziona. Watu wa Tumbe walikuwa na vyombo vya udongo vilivyotoka Ghuba, walikuwa wakitengeneza shanga za kombe kwa kuzisugua juu ya vijiwe, na vijiwe hivyo vimepatikana vingi. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Kilichosalia katika nyumba hizo ni vipande vya udongo vilivyopata moto vikawa vigumu, na kila kipande kina mfuo ulioachwa na fito iliyokuwa nyuma yake.

Watafiti hao hao, mwaka 1999, walichapisha makala juu ya jambo hili hasa: kwamba walio wengi katika historia ya Waswahili waliishi katika nyumba za udongo, na kwamba elimu ya mambo ya kale ilikuwa ikiwapita kwa sababu haikuwa na njia ya kuziona nyumba zao. Chwaka imeithibitisha hoja hiyo vizuri sana. Mji ule ulistawi tangu karne ya 11 hadi karibu mwaka 1500. Ulikuwa na misikiti ya mawe na makaburi ya mawe, na watu wake walikuwa wamekwishaacha uwele uliokuwa ukilimwa Tumbe wakahamia kwenye mpunga, ambao nasi tunaulima mpaka leo. Lakini nyumba zao nyingi zilikuwa za udongo. Watu waliosali ndani ya mawe walilala ndani ya udongo, wala hawakuona ajabu. Hata Mkama Ndume, ambaye wazee wanatusimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio, boma lake Pujini lina udongo mwingi uliopandishwa kama tuta. Jiwe na udongo havikuwa vya mataifa mawili. Vilikuwa vifaa viwili vya fundi mmoja, kila kimoja na kazi yake.

Sasa tazama vyombo. Hapa lazima nivuke bahari kidogo mpaka Songo Mnara, karibu na Kilwa, kwa kuwa huko kazi ya namna hii imefanywa kwa upana kuliko kwetu. Songo Mnara ni mji wa mawe wa karne ya 14 na 15, na katikati yake pana uwanja mtupu. Kuanzia mwaka 2009 watafiti, Fleisher akiwa mmoja wao, walipita juu ya ardhi ile na kipima-sumaku. Udongo una chembe za chuma ndani yake. Ukipata moto mkali kisha ukapoa, chembe zile hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia na kubaki nao, basi jiko la mtu aliyekufa miaka 600 iliyopita bado linavuta sindano kidogo kuliko udongo wa pembeni. Chombo hukusanya tofauti hizo hatua kwa hatua na kuzigeuza picha ya weusi na weupe. Katika picha ile uwanja haukuwa mtupu wote, na walipochimba walikuta nyumba za udongo. Yule aliyekuwa akisema "hapa hapakuwa na kitu" alikuwa akieleza macho yake tu.

Kwetu sisi chombo kilichokuja na kelele zaidi kilitoka juu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, hizi ambazo vijana wanaziita droni. Vijana wa chuo ndio waliozirusha. Picha zilizopatikana zinaonesha kitu cha ukubwa wa karibu sentimita 7, yaani kiganja cha mkono. Nimeiona ya kijiji chetu. Unauona mwiko wa mtu juu ya kinu, au unadhani unauona.

Watu wengi wanafikiri droni hupiga picha moja kubwa. Sivyo. Hupiga maelfu ya picha ndogo, kila moja ikiifunika sehemu ya mwenzake, huku ndege ikienda. Ukitaka kujua kinachofanyika baadaye, panda gari ya abiria kutoka Chake kwenda Wete ukae dirishani. Mikarafuu ya karibu inakimbia nyuma haraka, ile ya mbali inatambaa, na mlima ulio mbali zaidi ni kama umesimama. Kwa tofauti ya mwendo huo jicho lako linajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: huitafuta nukta moja, tuseme pembe ya bati, katika picha baada ya picha, inafuatilia ilivyohama, na kwa kuhama kwake hukokotoa urefu wake kutoka ardhini. Umbo linatokana na mwendo. Kwa njia hiyo tuta lililokuwa boma linaweza kuonekana katika ramani ya miinuko, hata kama mtu aliyesimama juu yake anadhani amesimama juu ya kichuguu, ilimradi tu majani yasiwe yamelifunika. Chuo Kikuu cha Cape Town, katika mradi ulioongozwa na Heinz Rüther, wamefanya kazi ya kufanana na hiyo kwa vyombo vya mwanga wa leza katika magofu ya Kilwa na Songo Mnara, na mradi wao wameupa jina la Kiswahili, Zamani.

Mwaka 2018 jambo jingine lilitokea ambalo naona lina maana kubwa kuliko walivyofikiri waliolifanya. Picha za Zanzibar zilitolewa katika mashindano ya watu wa kompyuta, kazi ikiwa kuifundisha mashine itambue majengo yenyewe bila kuoneshwa na mtu. Mashine ilitakiwa ipambanue aina tatu: jengo lililokamilika, jengo ambalo halijakamilika, na msingi. Nilicheka niliposikia, kwa sababu nani aliyewaambia wageni wale habari zetu? Ukipita Pemba nzima, hizo ndizo aina tatu za maisha ya mtu. Kuna misingi imeota mipapai ndani tangu mwenyewe alipokwenda Maskati, na kuna majengo yamesimama na nondo zao kichwani miaka kumi na mitano yakingoja slabu.

Lakini aina ya nne haikuwamo. Binti mmoja wa jirani, aliyesomea mambo ya ramani, alinifungulia picha ya kijiji chetu katika kompyuta yake ya mkononi. Mabati mapya yaling'aa kama sahani. Mabati ya zamani yalikuwa kahawia. Nikamwomba anioneshe nyumba ya shangazi yangu. Alizungusha, akakuza, akapunguza.

"Mwalimu, nyumba gani? Hapa pana miembe tu."

Nyumba iko chini ya miembe hiyo miwili, imeezekwa makuti, na makuti yakishakauka rangi yake ni ile ile ya majani yaliyoanguka. Shangazi yangu ameishi humo zaidi ya miaka 50 na amelea humo watoto saba, nami nikiwa mmoja wao kwa muda. Katika ramani iliyotengenezwa kutokana na picha zile, mahali pale hapana mstari wa nyumba. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi moja, niliambiwa kwamba nyumba za makuti zinasumbua, zitatiwa baadaye, na hata hivyo si za kudumu. Neno hilo la mwisho lilinikaa. Basi jicho jipya, ambalo linaweza kuona tuta la miaka 500, limerithi upofu ule ule wa Major Pearce: linaona kinachong'aa. Na ramani siku hizi ndiyo inayotazamwa njia inapopangwa na bomba linapopitishwa.

Labda msomaji atasema: nyumba za udongo si ndizo tunazokimbia? Hebu tutazame habari ya kudumu.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba lile alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Hakuna Mzanzibari aliyedhani kuna jengo la kudumu kuliko hilo. Sisemi chochote juu ya sababu, kwani hiyo ni kazi ya waliochunguza. Ninachosema ni kwamba jumba halihami kwa siku moja. Hutembea, polepole sana, na anayejua kutazama huuona mwendo wake. Fundi mmoja wa zamani wa Wete alikuwa akiona ufa hubandika juu yake kipande cha kioo kwa chokaa, anaandika tarehe pembeni kwa msumari, kisha anaondoka. Akirudi baada ya masika akakuta kioo kizima, humwambia mwenye nyumba alale. Akikuta kimevunjika, humwambia ahame kwanza ndipo wazungumze bei. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha kufuatilia mwendo nilichokijua maishani mwangu.

Leo kazi ya kioo kile inaweza kufanywa kutoka angani. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, hutuma mawimbi ya rada ardhini na kuyapokea yakirudi. Ikirudi mahali pale pale baada ya siku kadhaa, tofauti ndogo katika mawimbi huonesha kama ukuta au ardhi imehama, hata kwa milimita chache. Picha zake ni bure kwa anayejua kuzisoma. Hata hivyo kwetu Pemba haisaidii sana nje ya miji, kwa sababu mti haukai kama ulivyokuwa jana. Majani ya mikarafuu na minazi yanatikisika na kuivuruga hesabu. Jicho la angani linapenda mji.

Lililo muhimu zaidi ni kile kinachousukuma ukuta utembee. Nyumba za kale za mawe za pwani hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilichomwa katika tanuu: magogo yanapangwa mviringo, mawe yanapandishwa juu, moto unawashwa. Jiwe likifikia joto la kama nyuzi 900, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake inatoka. Kinachobaki humwagiwa maji au huachiwa mvua na umande miezi mingi mpaka kilainike. Likishapakwa ukutani, lipu lile huanza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, kazi inayochukua miaka. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na hutoa maji. Unapumua. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri ina urefu wake, vyumba vya kale ni vyembamba; upana wa kama mita 3 hauzidi. Mikoko ya pwani ndiyo iliyowapimia wazee vyumba vyao, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na ng'ambo mpaka Ghuba zilikopelekwa boriti zetu kwa majahazi.

Ukiupaka ukuta kama huo saruji unauziba pua. Maji yanapanda kutoka chini, hayana pa kutokea, yanakwenda kukaa kwenye vichwa vya boriti vilivyofichwa ukutani, na huko boriti inaoza mahali ambapo hakuna anayeona. Waliohusika na matengenezo ya Mji Mkongwe wamelisema hili tokea miaka ya 1980, na limesemwa tena Mji huo ulipoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Limesikika kidogo. Mfuko wa saruji unauzwa kila duka, na fundi anayejua chokaa lazima utafute.

Na ukuta wa udongo huumia zaidi kuliko wa mawe. Miaka michache nyuma, binamu zangu, kwa mapenzi mema kabisa, walimleta fundi apige lipu ya saruji katika nyumba ya shangazi ili "ipendeze". Ilipendeza masika moja. Masika ya pili lipu ilianza kuvimba, ya tatu ikaanguka vipande vikubwa, na kila kipande kiliondoka na unene wa vidole viwili wa udongo uliokuwa nyuma yake, mpaka fito zikaonekana kama mbavu za ng'ombe. Udongo hunywea wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Saruji haijui mwendo huo. Vitu viwili vinavyotembea kwa mwendo tofauti ukivigandisha pamoja, kimoja kitamchana mwenziwe.

Siandiki haya kuisifia hali ya zamani. Nimelala katika nyumba inayovuja, na najua mchwa ni nini. Tena naujua uzuri wa nyumba za maendeleo zilizojengwa Wete na Mkoani baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu wengi waliona bomba la maji ndani kwa mara ya kwanza katika ghorofa zile, na wanaozicheka leo ni wale waliozaliwa na bomba. Wala hatuwezi kurudia mambo ya wazee kama yalivyo. Kuchimba matumbawe hai baharini ni kuvunja mazalio ya samaki, na bahari ya magharibi yetu imewekwa katika hifadhi tangu mwaka 2005. Tanuu la chokaa linakula msitu. Mikoko tukiikata yote kwa fito, pau, mazio na boriti, bahari itaingia mashambani; kuna mabonde ya mpunga Pemba ambayo maji ya chumvi yamekwishayaharibu, na watu wanapanda mikoko kwa mikono kuyazuia.

Lakini saruji nayo ina hesabu yake. Huchomwa kwa joto la nyuzi kama 1,450, na viwanda vyake duniani vinatoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na kazi za binadamu. Kwetu inavuka bahari. Inataka mchanga, na mchanga katika visiwa hivi umekuwa bidhaa ya kibali, kwa sababu mashimo yalikuwa yanaimeza ardhi ya kilimo. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Fumba, Unguja, litajengwa jengo la ghorofa 28 ambalo sehemu yake kubwa ni mbao, na wakubwa wakalisifu kwamba ni mwelekeo mpya wa ujenzi usioharibu mazingira. Sina ubaya nalo. Nilijiuliza tu kama aliyelichora amewahi kulala chini ya dari ya boriti.

Kati ya njia hizo mbili kuna njia ya tatu ambayo si ngeni. Mwaka 1956 mhandisi Raúl Ramírez, huko Bogotá, Kolombia, alitengeneza mashine ndogo ya mkono inayobana udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukatoka tofali lisilohitaji kuchomwa. Mashine za aina hiyo zilienea duniani. Tanzania Bara, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha watu kufyatua matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, yanayojengeka kwa udongo wa shimo la kiwanjani. Udongo wa Pemba upande wa magharibi ni mfinyanzi, na mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka; unahitaji kutiwa mchanga au changarawe laini kabla ya kubanwa. Ndiyo maana jambo la kwanza si mashine bali kuujaribu udongo: unatia konzi moja katika chupa ya maji, unatikisa, unaiacha mpaka kesho, unatazama matabaka. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Watoto wa darasa la tano wanaweza kuifanya kazi hiyo, na ningekuwa bado nashika chaki ningewafanyisha.

Katika ukoo wetu jambo hili si la kitabuni. Tumekaa vikao viwili juu ya nyumba ya shangazi. Watoto wake walioko Oman wanataka ivunjwe, ijengwe ya matofali na bati la rangi, na fedha wamekwishaanza kuleta. Wanasema, na ni kweli, kwamba mama yao amezeeka na hawataki kusikia kwamba ameangukiwa na ukuta. Mimi nilitaka lipu ya saruji ibanduliwe yote, ukuta ukandikwe upya kwa udongo na kapi na kupakwa chokaa, mlango wa uani uongezwe upana, na paa liinuliwe liwe na baraza ya kuzuia mvua isipige ukutani. Gharama yake haifiki robo ya ile nyingine. Binamu mmoja akaniuliza mbele ya wote kama ningeyasema hayo ingekuwa ni mama yangu aliyenizaa. Kikao kilinyamaza. Nilimjibu kwamba ndiye aliyenilea, lakini najua sikumjibu alichouliza, na kwamba uzito wa swali lake si wa saruji wala wa udongo. Alikuwa akiniuliza watu watasemaje wakipita njiani.

Yule binti wa ramani amenisaidia kwa upande mmoja. Alikuja na simu yake, akaizunguka nyumba mara tatu akiipiga picha, moja baada ya nyingine, akaingia ndani akafanya vivyo hivyo. Baada ya siku mbili alileta umbo zima katika kompyuta, unaweza kuligeuza kama embe mkononi. Tuliona kwamba ukuta wa kaskazini umeegemea nje karibu upana wa kiganja, na kuta tatu zilizobaki zimesimama sawa. Ufa mmoja tu ndio wa kuogopa. Picha hizo tumewapelekea walioko Oman. Mmoja amejibu kwamba hakujua chumba cha mama kina dirisha dogo hivyo. Wengine hawajajibu.

Shangazi mwenyewe hakuulizwa katika kikao cha kwanza. Katika cha pili nilitaka aulizwe. Alisema, "Mnitengenezee huo ukuta ulioinama. Mengine mtayazungumza mimi nikiwa nimekaa ndani." Wiki iliyofuata nilikuta ameshawaita vijana wawili wakachimba shimo nyuma ya choo, udongo wake umerundikwa na umemwagiwa maji, na mtoto mmoja yumo ndani mpaka magotini akiukanyaga.